Samaki Waliovaa Vigae

Tangi la samaki lenye afya halinuki samaki. Linanuka udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, na kwa mbali linanuka majani mabichi yaliyosuguliwa kati ya vidole. Ndiyo harufu iliyokuwa sebuleni kwetu Buruburu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, ikichanganyika na nta ambayo mama aliipaka sakafuni kila Jumamosi, na unga wa mahindi uliokuja nyumbani kwenye nywele za baba. Baba alikuwa mkaguzi katika kiwanda kimoja cha unga huko Viwandani. Kazi yake ilikuwa kudunga gunia kwa chuma chembamba chenye mfereji, kutoa punje za kujaa kiganja, kuzitazama, kuzinusa, kisha kusema gunia lipite au lirudi lilikotoka. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi hata akaileta nyumbani. Viatu vya shule, marafiki zangu, sukuma wiki ya mama, vyote vilipita au vilirudi, na sikumbuki hata mara moja katika utoto wangu wote, kabla ya likizo ninayoisimulia, kumsikia akisema kwamba alikuwa amekosea.

Ilikuwa likizo ya Aprili, mvua za masika zikiwa ndio kwanza zimeshika. Tangi letu lilikuwa na samaki wanne wa dhahabu, wanene, wavivu, ambao baba aliwalisha mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Siku moja mjomba Muthama, mdogo wake mama, ambaye alikuwa dereva wa gari la kusambaza mizigo, alikuja na mfuko wa plastiki uliojaa maji na kufungwa kwa mpira. Alituambia kwamba duka moja la samaki wa mapambo mjini lilikuwa linafungwa na mwenyewe alikuwa akigawa waliobaki. Ndani ya mfuko walikuwamo samaki sita, kila mmoja urefu wa kidole changu cha shahada, rangi ya shaba kuukuu yenye kijani kidogo mabegani. Walikuwa na sharubu fupi mdomoni na macho makubwa yaliyozunguka huku na huku kama ya watu walioshukia kituo kisicho chao. Mjomba alisema ni samaki wa kusafisha, wanakula uchafu wa chini na hawahitaji kulishwa. Alimimina mfuko wote ndani ya tangi, akanywa chai, akaondoka.

Baba aliporudi jioni aliinama mbele ya kioo bila hata kuvua koti. Aliona sharubu, akasema ni kambare. Akiwa kijana kule Machakos, yeye na wenzake walikuwa wametia kambare mmoja, mdogo tu, katika bwawa la perege la babu, na maji yalipopungua wakati wa kiangazi walimkuta kambare peke yake, mkubwa kama mkono wa mtu mzima, akiwa amewamaliza wote. Babu hakuacha kamwe kumkumbusha jambo hilo. Kwa hiyo baba alipowaona wale sita, hakuona samaki wadogo, aliliona lile bwawa. Alitaka watupwe jioni ileile. Mimi nilisema kwa sauti kwamba hawakuwa kambare, ingawa nilikuwa sijawahi kumwona kambare hai, na mama akaomba wapewe muda. Baba akatoa hukumu: mpaka shule zifunguliwe. Mmoja wao akikua, au samaki mmoja wa dhahabu akikosekana, wote wangetupwa kwenye mtaro nyuma ya nyumba.

Nilikuwa mtoto mbishi, na sasa nilikuwa na ubishi wenye tarehe ya mwisho. Kila siku, baba akishaondoka, nilivuta kigoda hadi kwenye kioo nikakaa na daftari la mwaka uliopita na penseli. Siku za kwanza nilichora samaki kama anavyochorwa na kila mtoto, yai lenye mkia. Lakini nilivyozidi kutazama, ndivyo nilivyoona kwamba nilichokuwa nikikichora hakikuwapo. Samaki hawa hawakuwa na magamba. Ubavuni walikuwa na safu mbili za vibamba vigumu, moja juu na moja chini, kila kibamba kikilalia kingine sawasawa na vigae vya paa letu. Walikuwa na uti mgumu mbele ya pezi la mgongo na mwingine katika kila pezi la ubavuni. Kila baada ya muda mmoja wao alipaa ghafla hadi juu, akameza pumzi moja ya hewa, akarudi chini kwa kasi kama aliyeiba. Na walikonyeza. Naapa walikonyeza: jicho liligeuka chini na kurudi, mara moja, kwa makusudi kabisa. Nilipowaambia watoto wa uani, walikuja mmoja mmoja dirishani wakiniambia, "Ndinda, hebu tucheki hao wasee wako," na wakangoja mpaka wakonyezwe ndipo waende.

Mtu wa kwanza niliyemwita atoe ushahidi alikuwa Mama Atieno, aliyeuza samaki wa kukaanga na omena karibu na maduka, na ambaye mama alikuwa mteja wake tangu kabla sijazaliwa. Alikuja Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, baba akiwapo, akavua viatu mlangoni, akapiga magoti mbele ya tangi huku akijifuta mikono kwenye leso ingawa ilikuwa mikavu. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha alimwambia baba kwa upole, kama mtu anayezungumza na mteja aliyechagua vibaya: "Baba Ndinda, huyu si kambare. Kambare, sisi tunamwita mumi, ana ngozi laini kama sabuni iliyolowa. Huyu amevaa." Aliniita karibu akanionyesha ule uti wa ubavuni, akasema ziwani kuna samaki aitwaye okoko mwenye mwiba kama huo, na kwamba nisije nikamshika kwa kiganja kitupu. Lakini hakuwa okoko pia. Alisema amepasua samaki wa ziwa lile tangu akiwa msichana na huyu hakumfahamu, basi alitoka maji mengine kabisa. Baba alimshukuru, akamsindikiza hadi getini, akarudi na kusema kwamba Mama Atieno ni bingwa wa samaki wa sufuria.

Mama ndiye aliyenipeleka kwenye saiba, chumba cha kompyuta za kukodi zenye intaneti, pale madukani. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa maneno machache, na hakuwahi kunieleza kwa nini aliamua kuniunga mkono. Tulikaa wawili kwenye kiti kimoja, yeye akiandika kwa kidole kimoja kile nilichomwelezea, hadi picha ikashuka polepole kwenye skrini, kwanza pezi, kisha vigae, kisha zile sharubu. Jina lao liliandikwa corydoras, na ukurasa ulisema maana yake ni kitu kama ngozi ya kofia ya chuma. Kwao ni mito ya Amerika ya Kusini. Hawazidi urefu wa kidole. Hukaa kwa makundi. Na jambo moja lilinifanya nishike mkono wa mama: hawali uchafu. Wanaowanunua ili wasafishe tangi huwaua kwa njaa. Nilirudi nyumbani mbio nikapiga magoti, na ndipo nilipoona kile ambacho nilikuwa nimekitazama kwa siku kumi bila kukielewa. Matumbo yao yalikuwa yamebonyea. Chakula cha baba kilielea juu, samaki wa dhahabu wakakimaliza chote, na hawa sita walizunguka chini wakichokora changarawe isiyo na kitu. Nilikuwa nimehesabu hadi vigae vyao, lakini sikuwa nimeona kwamba walikuwa na njaa.

Masika yalinipa dawa ya hilo. Kila mvua ilipokatika, nyungunyungu walijaa kando ya ua nyuma ya jikoni, wakijinyoosha juu ya saruji yenye maji. Niliwaosha, nikawakatakata juu ya tofali kwa wembe wa zamani wa baba, nikaviachilia vipande kwenye kona ya tangi ambako samaki wa dhahabu hawakupenda kwenda. Wale sita walikuja wote kwa pamoja, pua chini, sharubu zikitetemeka, wakizika nyuso zao kwenye changarawe hadi machoni. Baada ya wiki moja matumbo yao yalijaa. Wawili walinenepa zaidi ya wenzao, na hilo lilinitia wasiwasi kwa sababu ya kile alichosema baba kuhusu kukua. Nilimwonyesha baba karatasi niliyochapiwa kule saiba. Ilikuwa nyeusi na nyeupe na wino ulikuwa umechuruzika. Aliisoma yote, akaikunja, akasema kwamba kwenye kompyuta mtu huandika lolote.

Kisha mambo mawili yalitokea kwa mpigo. Mgao wa maji ulitufikia na mifereji ikakauka siku nne mfululizo, na samaki wa dhahabu wakaota vidoa vyeupe mwilini kama waliomwagiwa chumvi. Mjomba alisema kwa simu kwamba dawa yake ni chumvi hasa, na baba, ambaye aliwapenda samaki wale kuliko alivyoweza kukiri, alitia chumvi ya jikoni vijiko kadhaa siku ya Alhamisi na vingine siku ya Ijumaa. Samaki wa dhahabu walivumilia. Wale wa chini hawakuvumilia. Walianza kupaa juu kila dakika kumeza hewa, kisha wakaacha hata kupaa, wakalala kwenye changarawe wakihema. Jumamosi asubuhi mmoja alikuwa amekufa, mgongo umepinda. Nilimwambia baba kwamba ni chumvi, kwamba wao hawana magamba ya kuwakinga kama wale wengine. Alikuwa akifunga kamba za viatu aende zamu ya nusu siku. Alinijibu bila kuinua kichwa kwamba wagonjwa wanaokaa nyumba moja hunywa dawa moja, na akaondoka.

Ningeweza kudai kwamba nilifikiri sana kabla ya kufanya nilichofanya, lakini sikufikiri. Nilichukua beseni jeupe la kufulia nikaenda nalo nyuma. Maji ya ndani yalikuwa ya kupikia na mama aliyalinda kwa jicho kali, ila chini ya bomba la paani palikuwa na pipa lililojaa maji ya mvua ya usiku, baridi hata yakaniuma vidole. Nililijaza beseni hadi nusu nikalisukuma ndani ya stoo iliyo chini ya ngazi, mahali palipokuwa na giza kidogo na utulivu. Kisha nikaanza kuwatoa kwa kichujio cha chai. Wa kwanza alifunua mapezi yake, ule uti ukanasa kwenye wavu, na nilipojaribu kumnasua alinidunga kidole gumba hadi nikatokwa na machozi. Mama Atieno alikuwa amenionya. Waliobaki nikawachota kwa kikombe. Wote watano walizama chini ya beseni wakatulia, na mimi nikakaa sakafuni nikinyonya kidole, nikijua kwamba nimewatoa kwenye maji yao nikawatia kwenye maji ya baridi ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameniambia ni salama.

Baba aliliona pengo mara tu alipofika. Aliuliza walipo, nikamwambia nimewatoa. Nilitegemea kelele, na pengine ningeipenda kuliko ile sauti ndogo aliyoitumia. "Ndinda," alisema, "umewatoa kwenye dawa niliyoweka mimi. Basi wakifa, usiseme ni chumvi. Wamefia mikononi mwako." Kile ambacho nilikuwa nakitaka tangu mwanzo, yaani kuamua mimi, nilikuwa nimekipata, na kilikuwa kizito mno. Nilikula chakula bila kujua ni chakula gani.

Asubuhi iliyofuata, tukijiandaa kwenda kanisani, niliingia stoo nikitarajia kuwakuta wamepinduka. Badala yake nilikuta beseni linachemka. Wale watatu wembamba walikuwa wakiwafukuza wale wawili wanene ukingoni kote, wakiwapapasa kwa sharubu, wakigeuka na kurudi. Nilidhani ni kifafa cha mwisho. Kisha yule mnene zaidi akaachana nao, akaogelea polepole kuelekea ukutani mwa beseni, mapezi yake mawili ya tumboni yakiwa yamekunjwa pamoja kama viganja vilivyobeba kitu. Akasafisha mahali kwa mdomo. Akabandika tumbo hapo. Alipoondoka aliacha mayai manne, meupe yanayopitisha mwanga, kila moja dogo kuliko punje ya mtama. Chini yake palikuwa na mengine ambayo sikuwa nimeyaona. Ukuta mzima wa beseni ulikuwa na mayai.

Baba aliniita mara mbili nikavae viatu. Sikubanduka pale. Alikuja mwenyewe akiwa na suti yake ya kijivu, tayari kukasirika, na nikamwonyesha kwa kidole tu. Aliinama. Kisha alichukua tochi kutoka rafuni, akapiga magoti sakafuni kwa suruali ile aliyopiga pasi mwenyewe, akatazama jinsi alivyotazama punje za mahindi, karibu, bila kupumua. Alimwona samaki akibeba mayai, akiyabandika, akirudi. Aliona vigae, safu ya juu na safu ya chini. Ilipita nusu saa nzima. Mama alikuja mlangoni na mkoba wake begani, akatutazama, akaenda kuvua viatu. Kengele ya kanisa ilikuwa imekwisha kulia muda mrefu baba alipozima tochi.

"Hawa si kambare," alisema. Aliiweka tochi sakafuni, akaongeza, "Nilikosea. Na kuhusu chumvi pia, nilikosea."

Hakuyasema kwa mkazo. Aliyasema kama anayesoma maandishi ya ukaguzi, na pengine ndiyo sababu niliyaamini. Nilikuwa nimeota ushindi ule kwa wiki tatu nzima, na nilikuwa nimetayarisha maneno ya kusema. Badala yake nilimsogezea kigoda changu, naye akakikalia, goti lake likigusa bega langu, tukaendelea kutazama.

Laiti ningeweza kukomea hapo, lakini si haki kusimulia kosa la baba nikaficha langu. Tuliwahamisha wazazi kwenye ndoo ili wasiyale mayai. Baba alikaa kila jioni akiondoa kwa kijiti cha meno yale yaliyoota ukungu. Siku ya nne vifaranga vilianguliwa, vinyuzi vyenye macho, na siku chache baadaye vikaanza kuchokora chini kama mama zao. Watoto wa uani walikuja kwa foleni. Nami, nikiwa sasa bingwa wa mtaa, nilikataa ushauri wa kila mtu nikavilisha kiini cha yai kwa ukarimu wa kijinga, asubuhi, mchana na jioni, mpaka maji yakanuka. Siku moja niliamka nikakuta zaidi ya nusu vimekufa. Nililia hadi sauti ikanikauka. Baba hakunikumbusha kitu. Alivua saa yake, akakunja mikono ya shati, tukabadilisha maji kidogo kidogo kwa kikombe hadi yakang'aa. Vilibaki kumi na kimoja. Shule zilipofunguliwa, hakuna aliyetaja mtaro.

Leo ninaishi Tassia, ghorofa ya nne, na kazi yangu ni kutazama damu ya watu kwa hadubini katika maabara. Sebuleni nina tangi refu lenye mchanga laini, na ndani yake samaki tisa wa rangi ya shaba. Si wa ukoo wa wale wa kwanza, maana hao waliisha tulipohama. Maji yananijia kwa lori na pampu, sina paa la kuvuna mvua, na nikitaka kuwachochea watage natumia chupa za maji baridi kutoka kwenye friji. Wanataga vizuri. Najua ninachofanya, na siogopi kusema hivyo. Nyumba nyingi za Buruburu zimeongezewa vyumba hadi ukutani, na nikipita huko naona vibanda na hoteli ndogo mahali palipokuwa na nyua zenye nyungunyungu. Jina la samaki sasa linapatikana kwa kumpiga picha tu. Mwanangu Mutua alinifanyia hivyo mwaka huu, simu ikamjibu kabla hajamaliza kuuliza, na jibu lilikuwa sahihi. Kule saiba tulihangaika saa nzima kupata jina hilohilo. Sisemi kwamba wakati ule ulikuwa bora. Ningeipata simu hiyo nikiwa na miaka kumi na mmoja, yule samaki aliyekufa kwa chumvi huenda asingekufa.

Ila kuna kitu sijakiona kwenye simu. Baba amestaafu na huja kwangu Jumapili baada ya ibada, akipumzika kila ngazi kwa sababu ya magoti. Wiki mbili zilizopita Mutua alimwonyesha samaki mmoja mchanga aliyekuwa na doa jeusi mkiani, akamwuliza ni ugonjwa au ni rangi tu. Baba alimtazama samaki, akamtazama mjukuu. Mimi nilikuwa jikoni nikikaanga viazi, na nilizima jiko ili nisikie.

"Sijui," alisema baba, akasogeza kiti karibu na kioo. "Niletee miwani."